Chujio Jipya la Jokofu: Lipi Tununue, na kwa Maji Gani?

Leo hatuhitaji kitabu. Tafuteni bilauri moja ya kioo, maji ya bomba au ya kisima mnayoyatumia kila siku, na kama nyumbani pana chujio la zamani mnalotaka kulibadili, lileteni mezani. Wenye kalamu na wawe tayari, kwa maana kuna tarakimu chache nitakazozitaja, nazo husahaulika upesi.

Somo hili limetokana na barua. Mzee mmoja wa kijiji kilicho upande wa mlima Liganga, wilaya ya Ludewa, ameniandikia. Mwanawe alimpelekea jokofu kubwa, lile ambalo wengi wetu twaliita friji, na jokofu lenyewe ni la namna ya pekee: mlangoni lina mahali pa kukinga bilauri, ukibonyeza maji baridi yanatoka. Ndani yake mna chujio. Sasa taa ndogo nyekundu imewaka, na mwanawe amemwambia kwa simu kwamba maana yake ni chujio limekwisha kazi, anunue jingine. Mzee alishuka mpaka Njombe, akaenda na Makambako. Duka moja lilimwonyesha chujio la bei kubwa, jingine likamwonyesha linalofanana nalo kwa bei ndogo sana. Anauliza: ninunue lipi? Tena anaongeza, kama jambo dogo tu, maneno haya: tangu jokofu lilipofika, pale nyumbani wameacha kuchemsha maji, na wajukuu wanafurahi.

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni moja, lakini mimi nitajibu mawili, na lile ambalo hukuliuliza nitalijibu kwanza.

Chujio la jokofu ni nini? Ukilipasua lililokwisha kazi utakuta ndani mkaa mweusi, umesagwa na kushindiliwa ukawa kama gogo dogo. Huu si mkaa wa kuchomea mahindi. Ni mkaa uliotengenezwa kwa joto kali, mara nyingi kwa kutumia vifuu vya nazi, ukapitishiwa mvuke hata ukafanya vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa huo, ambayo haijai kijiko cha chai, ikiwa tungeweza kuzikunjua kuta zote za vitundu vyake, eneo lake lingepita meta za mraba 500. Ndiyo nguvu yake. Maji yanapopita, vitu fulani vilivyoyeyuka ndani yake hunasa kwenye kuta hizo: harufu, ladha mbaya, na hasa ile dawa ya klorini ambayo mamlaka za maji hutia ili kuua vijidudu. Walioliunda jokofu lile walikuwa wakifikiria nyumba za mjini, ambako maji ya bomba yamekwisha kusafishwa na kutiwa dawa, na shida ya mwenye nyumba ni moja tu, kwamba maji yananuka dawa. Basi wakaweka mkaa wa kuiondoa harufu ile.

Kitabu kinachokuja pamoja na chujio la namna hiyo kwa kawaida husema wazi, ingawa kwa herufi ndogo, kwamba lisitumiwe kwa maji yasiyojulikana kuwa salama mpaka kwanza yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Maneno hayo si ya kujikinga na kesi tu. Yana sababu.

Tuchukue kipimo. Gawanya milimeta moja mara 1,000. Kila kipande ni maikroni moja. Unywele wa kichwa una unene wa maikroni 70 hivi. Kijidudu cha homa ya matumbo kina upana usiofika maikroni moja, na urefu wa maikroni mbili au tatu. Virusi ni vidogo zaidi sana: kile kinachoharibu ini, kinachoenezwa kwa maji na chakula, huhitaji vya namna yake zaidi ya 30 kuvipanga ili kufikia maikroni moja. Machujio mengi ya jokofu yana vinjia vya nusu maikroni na zaidi. Mengine ni mapana kuliko hapo. Mchanga wanazuia, mayai ya minyoo wanazuia, na yaliyo bora huzuia hata vijidudu vikubwa vya kuhara vinavyojifungia ndani ya ganda. Lakini kijidudu cha homa ya matumbo chaweza kupita, na virusi hupita kama mbuzi apitavyo katika lango la ng'ombe.

Tena liko jambo baya zaidi. Mkaa ule huondoa klorini. Basi maji yakikaa ndani ya chujio na ndani ya mipira ya jokofu hayana tena mlinzi. Kijidudu kilichoingia kinakuta mahali pa kukaa, pana chakula na pana kimya. Chujio lililokaa miezi mingi bila kubadilishwa laweza kutoa maji yenye vijidudu vingi kuliko yale yaliyoingia. Kwa hiyo mzee wangu, kabla hatujasema habari ya duka lipi, wajukuu warudi kwenye maji yaliyochemshwa leo hii jioni.

Wengine mtaniuliza, je, huku kwetu Njombe, palipo juu na baridi, maji huchemka sawasawa? Swali zuri. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Pwani yanachemka kwa digrii 100. Huku yanachemka kabla, yapata digrii 93 au 94. Hata hivyo joto hilo latosha kabisa kuua vijidudu vya magonjwa ya tumbo, kwa maana hivyo hufa tangu digrii 70 hivi. Sharti yachemke kweli, yatoe mapovu makubwa yanayopinduka, si yale mapovu madogo ya pembeni mwa sufuria. Kwa sehemu za juu kama zetu, wataalamu hushauri yaachwe yachemke dakika 3. Baadaye yafunikwe, yapoe yenyewe. Ukitaka yawe baridi yatie katika chupa safi, uiweke ndani ya jokofu hilohilo. Hakuna aliyesema lazima maji baridi yatoke mlangoni.

Nami sineni haya kwa kusoma vitabu tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikaa Makambako, katika nyumba yenye chujio la namna ya zamani: ndoo mbili zilizopandana, na katika ile ya juu vipande viwili vyeupe vya udongo, mfano wa mshumaa mnene. Nilijivunia chujio lile. Mwezi wa Julai nikalisafisha, nikavitoa vile vipande, nikaviacha nje dirishani vikiwa vimelowa, usiku kucha. Ninyi wa nyanda za juu mnajua usiku wa Julai. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Nikavirudisha vipande mahali pake, tukaendelea kunywa. Mwezi wa Septemba binti yangu akapata homa ya matumbo, akalala juma mbili. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya chujio. Mtoto hula na kunywa mahali pengi. Lakini nilipovitazama vile vipande kwa makini, kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama uzi, kutoka shingoni hadi katikati. Maji yaliyokuwa ndani ya vitundu vyake yaliganda, na maji yakiganda hutanuka, yakaupasua udongo. Kwa miezi miwili tulikunywa maji tuliyoamini yamechujwa.

Tangu siku ile nimejifunza namna ya kulijaribu chujio la udongo, na nitawaeleza, kwa kuwa wengi wenu mnalo hilo kuliko jokofu la kutoa maji. Kizamishe kipande kizima katika maji masafi mpaka kilowe kabisa. Chukua mpira safi mwembamba, uuchomeke kwenye kile kijiti cha chini ambako maji hutokea, kisha kipande kikiwa bado ndani ya maji, puliza kwa kinywa. Kikiwa kizima, hakitoi kitu, kwa sababu vitundu vilivyojaa maji ni vyembamba mno hata pumzi ya mtu haiwezi kuyasukuma. Kikiwa na ufa, utaona mstari wa mapovu yakitoka mahali pamoja. Hapo hakuna kuunga kwa gundi. Tupa, nunua kingine.

Chujio la udongo lina historia ndefu, na si vibaya tukaipitia kidogo. Huko Ujerumani mtu mmoja, jina lake Wilhelm Berkefeld, alitengeneza mwaka 1891 vipande vya kuchujia kwa udongo mwepesi uliofanyika kutokana na magamba ya viumbe vidogo vya majini vya zamani sana. Mwaka uliofuata, 1892, kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg. Mji huo ulikuwa ukiwapa watu maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Walikufa watu zaidi ya 8,000. Jirani yake kabisa palikuwa na mji wa Altona, hata mahali pengine mpaka ulikuwa njia tu. Altona walikunywa maji ya mto uleule, tena waliyateka chini ya Hamburg, penye uchafu zaidi, lakini wao waliyapitisha polepole katika matangi ya mchanga. Huko ugonjwa haukuenea kama Hamburg. Mchanga ule haukuzuia kwa wembamba wa vinjia vyake peke yake. Juu yake hufanyika utando hai, wenye utelezi, unaovila vijidudu. Nimewaeleza haya ili mtu asitoke hapa akasema mwalimu anachukia machujio. Siyachukii. Nasema kila chujio lina kazi yake.

Haya, sasa turudi dukani. Tuseme maji yanayoingia katika jokofu yamekwisha kuwa salama, kama ilivyo kwa mtu wa mjini ambaye maji yake yametiwa dawa na yanafika nyumbani yakiwa nayo bado. Atachagua vipi?

Kwanza asiende dukani na maneno matupu, aende na namba. Ndani ya jokofu, ubavuni au nyuma ya sanduku la mboga, pamebandikwa karatasi yenye namba ya aina ya jokofu. Na juu ya chujio la zamani pana namba yake. Ziandike zote mbili, herufi kwa herufi, kwa maana herufi moja ya mwisho yaweza kubadili kila kitu. Machujio mengine huingizwa kwa kusukuma, mengine kwa kuzungusha, na yako mawili yanayofanana kwa macho lakini kichwa cha moja kimezidi milimeta chache. Ukililazimisha, laweza kuingia, lakini mpira wake wa kuzuia hautakaa vizuri. Hapo maji yatafanya mojawapo: yatavuja sakafuni, au yatapita kando ya mkaa bila kuchujwa, na la pili ndilo baya kwa sababu hulioni. Tena majokofu fulani ya siku hizi yana kijichombo cha umeme kinachosoma alama iliyomo katika chujio. Ukitia la kiwanda kingine linakataa kutoa maji, au taa haizimiki.

Pili, atazame limeshuhudiwa na nani. Huko Marekani liko shirika lililoanzishwa mwaka 1944 katika mji wa Ann Arbor, siku hizi laitwa NSF, ambalo hupima machujio na kuyapa namba kufuata kazi yalizoshinda. Namba 42 maana yake chujio limejaribiwa kwa ladha, harufu, klorini na taka. Namba 53 ni kwa vitu vinavyodhuru afya, kama madini ya risasi na vile vijidudu vyenye ganda. Namba 401 ni kwa mabaki ya dawa za hospitali na za shamba na mfano wake. Sikilizeni vizuri hapa: chujio lenye namba 42 peke yake halijaahidi kitu chochote juu ya afya yako. Limeahidi ladha. Wenye duka husema, "Hili lina cheti," nao hawasemi uongo, lakini muulize cheti cha nini. Na hata penye 53, soma orodha. Chujio moja laweza kuwa limeshinda kwa risasi tu na jingine kwa vitu kumi.

Tatu ni habari ya bandia. Maofisa wa forodha wa Marekani wamekamata mara nyingi machujio ya jokofu yaliyopigwa majina ya viwanda vikubwa kwa udanganyifu. Kama yanaingia kwao, yataacha kuja kwetu? Chujio bandia laweza kuwa na mkaa kidogo tu, au mkaa ambao haukuoshwa, na plastiki isiyofaa kuwekwa maji ya kunywa. Kulitambua kwa macho ni kazi, lakini ziko dalili: maandishi yaliyokosewa, namba isiyolingana kati ya sanduku na chujio lenyewe, karatasi ya ndani isiyokuwapo, kifuniko cha plastiki kilichofunguliwa kikafungwa tena, na uzito mdogo kuliko lile la zamani lilipokuwa kavu. Bei ndogo sana nayo ni dalili, ingawa si ushahidi. Mtu aweza kukuuzia bandia kwa bei kubwa vilevile. Omba risiti. Na ukiwa na shaka juu ya bidhaa inayouzwa hapa nchini, Shirika la Viwango Tanzania lipo kwa kazi hiyo.

Je, lisilo la kiwanda kilichotengeneza jokofu ni baya siku zote? La. Viko viwanda vingine vinavyotengeneza machujio yanayoingia katika majokofu ya watu, yakapimwa yakapata namba zilezile, na bei yake ni nafuu. Mimi mwenyewe ningenunua hilo lenye ushahidi kuliko lenye jina kubwa lisilo na karatasi. Lisilo na jina wala karatasi silitaki hata bure.

Nne, hesabu ya fedha, na hapa wengi hujikwaa. Chujio la jokofu kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa kila miezi 6, au mapema zaidi kama maji ni machafu. Kwa hiyo bei yake zidisha kwa 2, ndipo upate gharama ya mwaka, uongeze nauli ya kwenda mjini. Kisha iweke hesabu hiyo kando ya gharama ya kipande cha udongo na kuni au gesi ya kuchemshia. Sitawatajia shilingi, bei hazikai mahali pamoja. Fanyeni hesabu hiyo katika kikundi, kwa bei za duka lenu.

Na ile taa nyekundu? Watu wengi hufikiri taa inayaonja maji. Haionji kitu. Katika majokofu mengi ni saa tu inayohesabu siku, au inahesabu lita zilizopita. Jokofu likizimwa miezi mitatu, siku zikihesabiwa au zisipohesabiwa, taa haijui kilichoota ndani. Maji yakiwa na matope, chujio litaziba kabla ya taa kuwaka. Ndiyo maana nawashauri muandike tarehe kwa wino juu ya chujio siku mnapolitia.

Sasa nataka kusema juu ya nguvu ya maji, kwa kuwa nahisi mzee wetu atakutana na shida hii hata akinunua chujio jema kupita yote. Chujio jipya la mkaa huyazuia maji; sharti yasukumwe. Vitabu vingi vya majokofu hutaka nguvu isiyopungua baa 1.4 au 2. Kila meta 10 za kimo cha maji huleta karibu baa 1. Tangi la plastiki lililowekwa juu ya jukwaa la meta 4 linaleta baa 0.4 tu. Hapo jokofu litatoa kijito chembamba kama mate, nawe utalilaumu chujio. Lakini kama kijiji kinatumia maji ya mserereko kutoka chemchemi ya mlimani, mambo hugeuka. Chemchemi ikiwa meta 100 juu ya nyumba, na njiani hakuna tangi la kupunguza nguvu, usiku watu wote wakifunga mabomba pale nyumbani patakuwa na karibu baa 10. Majokofu mengi hayavumilii zaidi ya baa 8 hivi. Mpira utapasuka saa nane ya usiku, na asubuhi mtaamka sakafu imekuwa ziwa. Muulize fundi wa mradi wenu wa maji, naye anajua vimo hivyo, kabla hujaunganisha kitu.

Chukueni sasa ile bilauri. Barua hiyohiyo ina mstari mmoja juu ya wekundu: mzee anasema maji yao huacha doa kama kutu katika sinki, na watu pale husema ni chuma cha Liganga kinayeyuka. Wazo hilo si la kijinga. Liganga ni mlima wa chuma kweli, na Wapangwa walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe zamani, kabla ya majembe ya dukani. Lakini jiwe la Liganga ni lile linalovutwa na sumaku, limechanganyika na madini ya titani na vanadi, nalo ni gumu, haliyeyuki kwa urahisi katika maji ya kawaida. Chuma kinachoingia katika maji ya kunywa mara nyingi hutoka udongoni, mahali ambapo maji hukaa chini bila kupata hewa, kama visima virefu na mabonde ya tope. Au hutoka katika mabomba ya zamani ya chuma.

Kutambua ni rahisi. Jaza bilauri, iweke mezani, utazame mara moja. Kama maji ni mekundu tangu yanapotoka, shuku mabomba au tope. Kama yametoka meupe safi, na asubuhi yake yamegeuka rangi ya kahawia na chini pana unga, basi chuma kilikuwa kimeyeyuka ndani yake, na hewa ndiyo imekitoa. Jaribio jingine akina mama mnalijua tayari: chai ya rangi ikitiwa maji hayo hugeuka nyeusi kama wino. Chuma kikipita miligramu 0.3 katika lita moja huanza kutia doa nguo na vyombo. Si sumu kwa kiasi hicho, lakini kwa chujio la jokofu ni kifo. Unga ule huziba vitundu vya mkaa, na chujio la miezi 6 litakwisha kwa majuma machache. Dawa yake ni ya kikale na haina gharama. Mimina maji kutoka ndoo hadi ndoo kwa juu, mara kadhaa, yapate hewa; yaache yatulie usiku; asubuhi teka ya juu polepole, au uyapitishe katika mchanga uliooshwa. Baada ya hapo chemsha.

Yako na maji ambayo bilauri haiwezi kuyashitaki. Huko Arusha na sehemu za Kilimanjaro maji mengi yana floridi inayoharibu meno na mifupa ya watoto, nayo hayana rangi wala harufu, wala kuchemsha hakuiondoi. Kule watu wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuiondoa, ambao ni kitu tofauti na mkaa wa vifuu. Dakta Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, alitengeneza chujio ambalo viungo vyake hupangwa kufuata uchafu wa maji ya mahali. Hiyo ndiyo njia: kwanza maji yapimwe, kisha chujio litafutwe. Dukani kwetu hufanyika kinyume.

Na mtu akikwisha kupata chujio lake, limeingia vizuri na halivuji, bado asinywe. Lita za kwanza 10 hadi 15 azimwage, zina vumbi jeusi la mkaa na hewa. Mwagilia mboga. Barafu ya kwanza kama jokofu linatengeneza barafu itupwe. Chujio la akiba lisiwekwe mahali pa sakitu likiwa limekwisha kulowa, habari yake mmekwisha kuisikia kwangu.

Basi mzee wangu wa Liganga, jibu langu kwako ni hili. Kwa sasa usinunue chujio lolote, la bei kubwa wala la bei ndogo. Majokofu mengi ya namna yako yalikuja na kizibo cha plastiki kinachotiwa mahali pa chujio. Kama kimepotea, funga koki ya nyuma inayopeleka maji. Jokofu litagandisha nyama na kupoza maziwa kama kawaida, taa nyekundu na iwake, haimdhuru mtu. Fedha ya chujio moja nunua vipande viwili vya udongo, au sufuria kubwa yenye kifuniko. Peleka maji yenu yakapimwe kwa watu wa RUWASA wilayani, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, na uwaulize kama mradi wenu unatiwa dawa. Wakikujibu kwamba maji yanatiwa klorini kila siku na yanafika kwako nayo, niandikie tena, pamoja na ile namba ya jokofu, herufi zote. Hapo ndipo tutakapozungumza juu ya duka.

Vikundi vyenye bilauri mezani, iacheni hadi kesho asubuhi bila kuitikisa, mwandike mlichokiona, na kama chai yenu iligeuka rangi. Barua zenu nitazisoma juma lijalo, siku na saa hii hii, kisha tutaendelea na mipira ya mlango wa jokofu na sababu ya umeme kuliwa bure. Kwa herini.